Sikilizeni Vitunguu Kabla ya Kutia Bizari

Ninyi wajukuu mnaopika huku simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, mtu wa ndani ya simu akiwaambia kaangeni vitunguu dakika tano, nina swali. Huyo mtu ameuona moto wenu? Anajua kama sufuria yenu ni ile nyepesi inayounguza hata maji? Hajui. Basi iwekeni simu kando kidogo mnisikilize mimi. Nataka kuwaeleza mchuzi wa bizari, ule wa kuku, ambao hata mtu aliyezoea kuchemsha chai peke yake anaweza kuupika. Ni rahisi. Mimi huo urahisi ulinichukua muda kuujua, lakini ninyi mna bahati, mtausoma mkiwa mmekaa.

Jina langu ni Rispa. Wajukuu huniita Kukhu, na ninyi niiteni hivyo hivyo. Shule niliiacha mapema. Kusoma kwangu ni Biblia na maandishi ya pakiti za unga. Lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki. Nimepika hotelini, kwanza Mumias, halafu hapa Kakamega mjini, mpaka magoti yakakataa kusimama. Hata leo naweza kuwaambia mteja wetu Jafeti Mukabwa alikuwa anakaa meza gani na alipenda mchuzi mzito ama mwepesi. Alipenda mzito. Na kila mara aliomba aongezewe "kidogo tu cha kusukumia ugali", na hicho kidogo kilikuwa bakuli.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zuhura, mwenye hoteli karibu na soko la Mumias. Nilifika kwake kuosha vyombo. Mpishi alikuwa Athumani, mtu mpole sana, lakini alikwenda harusi Matungu na harusi ikamnogea, hakurudi siku aliyosema. Mama Zuhura akanijia pale kwenye karai, mikono yangu imejaa povu.

"Rispa, unajua kupika?"

"Najua, Mama."

"Unajua kupika nini?"

"Obusuma na mboga."

"Ugali kila mtu hapa anaujua, mwanangu. Leo utapika mchuzi. Futa mikono, sema Bismillahi yako kwa namna ya kanisani kwenu, uanze."

Nikaanza. Nikachemsha maji, nikatia kuku, halafu nikamwaga bizari juu ya yale maji kama mtu anayetia majani ya chai, tena konzi nzima, kwa sababu rangi ilinipendeza. Jamani! Ule mchuzi uling'aa kama alizeti, na ukiuonja ni kama umelamba barabara ya murram wakati wa kiangazi. Watu walikula kwa sababu ya njaa tu. Wakatoka na vidole vya manjano ambavyo sabuni haikuviweza. Siku hiyo mngepita sokoni mngejua ni nani amekula kwetu kwa kutazama mikono. Sofia Nabwire, aliyekuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuja mpaka mlangoni.

"Rispa, mume wangu ameshika shati lake jeupe la kanisani. Sasa ataimba kwaya akiwa na mkono wako kifuani?"

Tulicheka na Sofia mpaka tukazeeka tukicheka jambo hilo.

Mama Zuhura hakunifokea. Kesho yake alivuta kigoda, akaketi akiwa ameligeuzia jiko mgongo, akaanza kuchambua mchele. "Kaanga vitunguu," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Nilidhani ananitania. Lakini shikeni hili, maana ndilo jambo lenyewe. Vitunguu vikiingia kwenye mafuta yaliyopata moto, hupiga kelele kama mvua yetu ya alasiri juu ya mabati. Hayo ni maji ya kitunguu yanatoka. Usiogope, wala usitie kitu kingine. Geuza tu, na moto uwe wa wastani. Baada ya muda mvua inapungua, inakuwa manyunyu. Halafu inakuwa kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Hapo ndipo. Ukipitiliza utasikia tak, tak, kama mtu anavunja vijiti, na hiyo ni kuungua. Kitunguu kilichoungua hakifichiki hata utie nyanya gunia zima. Mwaga uanze tena, na usijidanganye kwamba wageni hawatajua.

Mama Zuhura alikuwa anaweza kuwa kule mbele anabishana na wateja kuhusu maneno ya kijiji, na wakati huo huo sikio moja liko jikoni. Katikati ya maneno yake anapaza sauti: "Bizari, Rispa!" Halafu anaendelea kubishana pale pale alipoachia.

Kwa hiyo mkisikia mnong'ono, tieni kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, geuzeni kidogo, kisha bizari. Iingie kwenye mafuta, siyo kwenye maji. Vijiko viwili vidogo vinamtosha kuku mzima. Geuzeni mpaka harufu itoke nje na jirani aulize mnapika nini. Ikianza kushika chini ya sufuria, nyunyizeni maji kidogo tu ya kuitoa. Haya. Mpaka hapo hata mtoto wa shule hajashindwa.

Sasa niwaeleze yaliyompata mjukuu wangu Mmbone, kwa sababu mchuzi huu huu ulitaka kumtenga na baba mkwe wake.

Mmbone ni mtoto wa binti yangu Jeni. Anakaa Shieywe na mumewe Shem, na ana saluni yake mjini. Kichwa cha mtu akikishika kinatoka kama cha malkia, lakini sufuria na yeye walikuwa hawajajuana. Tangu waoane walikuwa wanakula chapati na maharagwe ya kibandani. Basi baba yake Shem, Mzee Okwara wa Butere, akatuma habari kwamba Jumamosi atakuja kula kwa mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza. Mmbone akanipigia simu, sauti imekuwa nyembamba kama uzi.

"Kukhu, njoo unifundishe kupika mchuzi wako. Lakini usiguse kitu. Akiniuliza nani amepika, nataka niseme ni mimi, na iwe ni kweli."

Hofu yake ilikuwa na mizizi. Shem alikuwa amemwambia yaliyotokea kwa kaka yake mkubwa, Ernest, huko Butere. Mzee alialikwa, akala matonge machache, akasukuma sahani, akasema, "Nimeshiba." Tangu siku hiyo hajala tena kwenye nyumba ile. Shem alimwambia hivi: "Baba hagombanangi na mtu. Akikasirika, anashiba." Na kilichomshibisha siku ile ni firigisi. Ilikosekana kwenye sahani yake.

Ninyi wa mjini pengine mtacheka. Kwetu, kuku akipikiwa mgeni wa heshima, firigisi, ile tunayoiita imondo, ni ya mzee, na mwanamke haili. Nyama ni nyama, wote mtakula, lakini firigisi ndiyo inamwambia mzee kwamba mlipomchinja kuku huyu mlikuwa mnamfikiria yeye. Isipoonekana hatauliza. Atakaa akijiuliza moyoni ni nani aliyeheshimiwa kabla yake. Hata Mama Zuhura, ambaye hakuwa mtu wa mila hiyo, alikuja akajua. Alikuwa anaziweka kando kwenye kibakuli chenye kifuniko, na wazee wakija na wageni anauliza, "Mzee wa meza hii ni nani?" Siku moja Jafeti Mukabwa na rafiki yake Ambetsa wakajibu pamoja, "Ni mimi." Mama Zuhura akachukua kisu, akaipasua firigisi katikati mbele ya macho yao, akamwekea kila mmoja kipande. "Kuku wangu anajua kugawa," akasema. Hawakununiana tena, ila kila mmoja alipima cha mwenzake kwa macho.

Jumamosi nikafika Shieywe. Mmbone akaniketisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mikono yangu mapajani kama mtu anayepigwa picha. Akawasha gesi, akatia mafuta, akatia vitunguu. Mvua ikaanza kwenye sufuria.

"Kukhu, sasa?"

"Sikiliza."

"Nasikia redio ya jirani."

"Iache redio. Sikiliza sufuria yako. Huo moto ni wa kuchomea mahindi, upunguze."

Shem akachungulia. "Hata mimi nasikia kitu, Kukhu."

"Nini?"

"Tumbo."

"Toka hapa," Mmbone akasema, lakini alicheka, na mkono wake ukalegea kidogo kwenye mwiko. Ni vizuri. Mpishi aliyekaza mkono huvunja nyama.

Vitunguu vikanong'ona. Akatia saumu na tangawizi, akatia bizari, akageuza. Harufu ikatoka, na kweli jirani, Mama Kelvin, akauliza kupitia ukutani, "Mmbone, leo kuna nini huko?" Akatia nyanya alizokatakata ndogo ndogo. Hapo wapishi wapya wengi huharibu, wanatia nyama nyanya zikiwa bado mbichi, mchuzi unakuwa mchachu. Ngojeni nyanya zilainike, ziwe kama uji mzito, mpaka muone mafuta yanajitenga pembeni. Mafuta yakijitenga, nyama iingie.

Mmbone akaleta beseni la kuku. Nikanyoosha shingo. Niliona mapaja, mabawa, kifua. Nikatazama tena.

"Firigisi iko wapi?"

Akageuza vipande kwa kidole. Akavigeuza tena. "Kukhu..."

"Huyu kuku mlimchinjia wapi?"

"Hatukumchinja. Nilimnunua mjini akiwa amekatwa tayari, amefungwa vizuri kwenye nailoni. Nilifurahi hata sitamnyonyoa."

Mwiko ulibaki hewani. Kutoka sebuleni tukamsikia Shem akiongea kwa simu: "Sawa, Baba. Umeshafika mjini? Sawa sawa."

Mmbone akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. "Nimekwisha. Atashiba kabla hajanawa."

"Simama, tia kuku, nyanya zitaungua," nikamwambia. "Shem! Wanauza firigisi peke yake huko madukani?"

Shem alikimbia na viatu vya nyumbani. Aliporudi alikuwa amebeba pakiti kubwa, anahema.

"Shem, umenunua za kijiji kizima?"

"Hawauzi moja, Kukhu. Wanauza pakiti."

Tukazichemsha zote kwenye sufuria ndogo, na chumvi na tangawizi, maana firigisi ni ngumu, haipikiki pamoja na kuku laini wa dukani. Huyo wa dukani msimpike sana. Maji ya moto yamfikie kiunoni tu, sufuria ifunikwe, na akishaiva mwacheni, la sivyo mtakula nyuzi. Kuku wa kienyeji ndiye achemshwe kwanza mpaka alainike, halafu aingie kwenye mchuzi. Chumvi ya mwisho mwisho onjeni kwa tone kwenye kiganja. Na majani ya dhania yatieni moto ukishazimwa.

Firigisi zilipoiva, Mmbone akazitazama, akachagua iliyo kubwa kuliko zote, akaitumbukiza kwenye mchuzi. Nyingine akazifunika.

"Hii ndiyo ya kuku wetu," akasema.

Shem alitazama sakafu. Mimi nilikuwa nimeambiwa nisiguse kitu, nikaona na maneno ni kitu.

Mzee Okwara akapiga hodi. Mtu mrefu, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi. Akatusalimia, akafika kwangu.

"Mama, hata wewe umeitwa kupika?"

"Mimi nimeitwa kukaa, Mzee. Aliyepika ni yule pale."

Mmbone akamnawisha. Akaleta ugali. Akaleta mchuzi, rangi yake ya kahawia yenye dhahabu, na juu kabisa, katikati ya sahani ya Mzee, ile firigisi. Tukaomba. Mzee akaitazama. Akaigeuza kwa kidole.

"Kuku huyu alikuwa mkubwa?"

"Wa kiasi, Baba," Mmbone akajibu.

Akainua kipande kingine. "Na huu ndio mguu wake?"

"Ndio huo, Baba."

"Mguu wa kifaranga, firigisi ya bata mzinga."

Akaisogeza sahani mbele. Kidogo tu, upana wa kidole. Jamani, nimefanya kazi hotelini, nazijua sahani. Sahani ikianza safari hiyo hairudi.

Mmbone alikuwa bado amesimama na jagi. Akaliweka chini.

"Baba, hiyo siyo ya kuku huyu. Kuku nilimnunua akiwa amekatwa, sikujua kama firigisi haimo. Nilijua jikoni, mchuzi uko motoni. Shem akakimbia kununua. Nikachagua kubwa ili usijue. Lakini mchuzi ni mimi nimepika. Huo ni wangu."

Mzee akamgeukia.

"Umesema mlinunua. Mlinunua moja?"

"Hapana, Baba. Pakiti."

"Zilizobaki ziko wapi?"

"Ziko jikoni."

"Zilete."

Akaleta sufuria ndogo, akafunua. Mzee akachungulia ndani, mabega yakaanza kutikisika, halafu kicheko kikatoka ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye viatu vilivyong'arishwa namna ile.

"Shem, mwanangu! Umenichinjia kuku wa wilaya nzima!" Akajifuta macho. "Kwa Ernest waliniambia kuku wao alizaliwa bila firigisi. Mimi! Mimi nimefuga kuku tangu nikiwa na meno ya utoto, naambiwa hivyo! Baadaye mtoto akaja akanipangusia mdomo wake kwenye suruali, ananuka firigisi. Wangesema mtoto amekula, ningesema mtoto akue. Lakini kudanganywa hivyo, nilishiba pale pale."

Akairudisha sahani karibu. Akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Hata mimi hununua wa kukatwa. Tangu mama yenu aende, ni nani atachinja jogoo mzima kwa mtu mmoja?"

Halafu akazigawa firigisi. Shem akapata, Mmbone akapata, na mimi akaniwekea moja kwa mkono wake. Miaka yote ile nimepikia wazee firigisi Mumias na Kakamega, sijawahi kula moja mbele ya mwanamume. Nikatafuna. Nikatafuna tena.

"Vipi, Mama?"

"Mzee, ni hii tu mlikuwa mnatufichia?"

Mmbone akacheka mpaka akashika meza. Mzee Okwara alikula, akaongezewa, akaipangusa sahani kwa tonge la mwisho ikabaki nyeupe. Neno "nimeshiba" alilisema wakati hata mimi nilikuwa nimeshiba kwa kumtazama. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Huu mchuzi mnafanyaje? Mimi nikitia bizari kwenye maji unakuwa kama vumbi."

Nilitaka kujibu. Mmbone akanitangulia. "Baba, bizari haiingii kwenye maji. Njoo nikuonyeshe." Nikawaona wawili hao mbele ya gesi, mzee amepachika kofia kwenye msumari, msichana anamwonyesha mwiko unavyoshikwa. Aliondoka na bizari imefungwa kwenye karatasi, ameiweka mfuko wa shati, karibu na miwani.

Wiki hii nilikuwa nimekaa kwa Mmbone ananisuka hizi nywele zangu chache. Simu ikalia. Ni Butere.

"Mke wa mwanangu, vitunguu viko motoni. Sasa nafanya nini?"

"Usifanye kitu, Baba. Sogeza simu karibu na sufuria."

Mmbone akaiweka simu yake kwenye paja langu, sauti imefunguliwa. Tukanyamaza, chanuo limesimama katikati ya nywele zangu. Ikaja ile mvua juu ya mabati, kutoka mbali huko. Ikapungua. Ikawa manyunyu. Ikaanza kunong'ona, na mimi nikafungua mdomo.

"Sasa, Baba," Mmbone akasema. "Tia bizari."

Nikaufunga.